Kitambaa kwenye Usukani

Siku hiyo naikumbuka kwa matope yake, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Litein isiyo na haraka, na mzee mmoja akaingia darasani kwangu gambuti zake za mpira zikiacha alama sakafuni kuanzia mlangoni hadi mezani. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilimwona nikafurahi, maana nilidhani amekuja kunipongeza.

Lakini ngoja kwanza. Zile notisi zako za kufundishia ulizonitumia kwa simu zimefika. Nimezisoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila. Zimepangika, picha zake zinapendeza, na Kiingereza chake kimenyooka. Marehemu mama yako, mdogo wangu, angezibeba kanisani awaonyeshe watu. Jumatatu unaanza kufundisha pale chuoni Bomet, Kiingereza cha ufundi kwa vijana wanaokwenda kwenye viwanda vya kuunganisha mabasi ya umeme, na umeniuliza maoni yangu. Maoni ninayo na utayapata. Acha kwanza nikusimulie habari ya mzee na matope yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Unajua tulikotoka: babu yako na nyanya yako walihama Kisii wakaja kuchuma chai Kericho, na sisi tukazaliwa na kukulia katika nyumba za kampuni, tukisoma kwa kelele za majirani pande zote. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya Kiingereza ambayo nyanya yako aliitundika ukutani juu ya redio. Kuhusu gari nilijua mlango na kiti. Chuo kimoja cha ufundi karibu na Litein kikaniajiri kwa miezi sita ya majaribio, nifundishe darasa la makanika waliokuwa wakimalizia masomo.

Walikuwa kumi na mmoja, na hawakuwa watoto. Mmoja alikuwa na gereji yake mwenyewe Kipkelion, mwingine alikuwa na watoto watatu. Kiingereza cha shule walikuwa nacho, na gia boksi waliweza kuifungua macho yamefumbwa. Walichokosa ni Kiingereza cha kazi: kusoma kitabu cha waliotengeneza gari, na kuandika ripoti ya hitilafu ambayo fundi wa zamu inayofuata anaweza kuishika na kuendelea. Kiwanda kimoja cha kuunganisha malori, mbali na huku, kilikuwa kimeahidi kuwaita kwenye usaili mwisho wa mwaka. Kila mtu alijua kwamba akichukuliwa mmoja tu, atakuwa Chebet, binti mkimya wa mfuga ng'ombe kutoka upande wa Kipkelion, ambaye alianza kwa kutengeneza mashine ya kukatia nyasi ya baba yake akiwa bado na sare ya shule.

Mwanangu, nilichanganyikiwa tangu wiki ya kwanza. Darasa lile halikuuliza swali. Nikisema "Mmeelewa?" wanajibu kwa pamoja, "Ndiyo, madam." Siku moja niliandika ubaoni hatua za kubadilisha oili, nikatanguliza kumimina oili mpya kisha ndipo kumwaga ya zamani. Watu kumi na mmoja wenye grisi kwenye kucha walinakili upuuzi huo wala hapana aliyekohoa. Nilikuja kujua baada ya miezi. Kumbe huku kwetu mwalimu hakosolewi mbele ya watu, na mwalimu mwanamke kutoka jamii nyingine ndiye hakosolewi kabisa, wasije wakasema unamdharau. Nami ukimya ule niliuchukua kuwa ni ishara kwamba nafundisha vizuri.

Basi nikawafundisha nilichokijua, yaani insha. Niliwaambia ripoti ina utangulizi, mwili na hitimisho. Niliwaambia waanze kwa heshima na wapambe kidogo, wasimrukie msomaji na mabaya. Kusema kweli hilo hawakulihitaji kufundishwa. Sisi watu wa milima hii, habari mbaya haiingii nyumbani kwa mlango wa mbele. Mtu akija kukuambia ng'ombe wako amekufa, atakaa kwanza, atakunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, atauliza mvua imefikaje shambani, atasifu mahindi, na akishasimama kuondoka ndipo atasema, "Na ile ng'ombe yako ya madoadoa, asubuhi haikuamka." Nami nilikuwa nimeikuta tabia hiyo, nikaivalisha suti ya Kiingereza.

Siku mbili kwa juma wanafunzi wangu walikwenda kujifunza kazi kwenye gereji ya kiwanda kimoja cha chai, ambako malori ya kubebea majani yalitengenezwa. Fundi mkuu wa pale aliitwa arap Soi, na ndiye huyo mzee wa gambuti. Sasa rudi nami darasani.

"Chamgei," alitusalimu.

"Chamgei mising," tuliitikia.

Akakunjua karatasi akaiweka mezani. Ilikuwa ripoti ya Chebet, niliujua mwandiko wake uliosimama wima. "Mwalimu," akasema, "hii ni kazi ya mwanafunzi yako. Hebu soma, halafu uniambie. Hii kari iende ama isiende?"

Ulimi wake ulikuwa wa Kipsigis mtupu na gari kwake lilikuwa kari maisha yote, na sisi sote tulimwelewa. Nilichukua karatasi nikaisoma kwa sauti, darasa zima lisikie, huku nimejaa fahari. Chebet alikuwa ameanza kwa kuomba kwa unyenyekevu kuripoti kwamba, asubuhi ile yenye ukungu mwanana, amepata nafasi ya kukagua lori. Alisema injini inanguruma kwa afya. Taa zote zinawaka, matairi bado yana umri, na dereva wake ni mtu wa nidhamu. Nilitua hapo nikawaambia wengine, "Mnasikia mtiririko huo?" Kisha nikageuza karatasi. Nyuma, mstari wa pili kutoka mwisho, aliandika kwamba hata hivyo ingefaa, muda ukiruhusu, breki za nyuma upande wa kushoto ziangaliwe, kwani mafuta yake yanaonekana kuvuja. Akamalizia kwa shukrani.

"Ni ripoti nzuri sana," nikasema.

"Sijauliza kama ni nzuri. Nimeuliza, iende ama isiende?"

Nikaitazama tena. Nilisoma mbele, nikageuza nyuma, nikarudi mbele.  Karatasi ilisema lori ni zima, na karatasi hiyo hiyo ilisema lori halina breki, na yote mawili yamesemwa kwa adabu ile ile.  Nikasema, "Inategemea, mzee."

Arap Soi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia alilotarajia. "Ilienda," akasema. "Jana jioni. Karani alisoma hapa juu, akaona iko sawa, akapiga muhuri. Ngeno akabeba majani kutoka kituo cha chini, na kwa mteremko breki ikakataa. Akaitupa ndani ya chai ya watu. Chai ndiyo ilimshika. Sasa Ngeno yuko hospitali na mguu imevunjika mara mbili."

Ndipo nilipokiona kiti cha Chebet kuwa kitupu.

Mzee alikunja karatasi yake akaenda zake. Nilibaki mbele ya watu kumi, chaki mkononi, nikijiuliza kosa liko wapi. Chebet aliiona hitilafu na akaiandika. Karani alisoma na akapiga muhuri. Mimi nilifundisha ripoti, na ripoti ndizo ambazo kiwanda cha malori kilizitaka. Kila mmoja alifanya kazi yake, na mtu amevunjika mguu. Nilizungusha jambo hilo kichwani siku nzima, na kila nilipodhani nimelishika liliteleza.

Jioni, nikiwa nasonga ugali, nikalikumbuka lile ambalo kichwa changu kilikuwa kinalikimbia.

Gereji ya arap Soi ilikuwa na desturi yake. Fundi akiona gari si salama, kabla ya kuandika, kabla hata ya kunawa mikono, anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Vilikuwa vipande vya sweta kuukuu ya shule. Dereva akikikuta kitambaa hata haketi, na hakuna wa kukifungua ila aliyekifunga. Hakikuhitaji kusomwa wala kutafsiriwa. Na wiki tatu kabla ya ajali, Chebet, ambaye haulizi maswali, aliuliza swali moja tu katika muhula mzima.

"Madam, sasa kama tunaandika ripoti, hiyo kitambaa ya mzee bado tunafunga?"

Nami nilicheka. Nikasema, "Kitambaa ni cha watu ambao hawajui kuandika, Chebet. Wewe una kalamu."

Darasa likacheka pia. Chebet hakucheka. Aliinama akayaandika maneno yangu daftarini, maana yeye aliandika kila kitu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wa mzee wa watu, uliowalinda madereva miaka yote, niliutupa nje kwa mzaha mmoja. Na wakasema pia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo, mwanangu, maana aliyekataa kusikia ni mimi, na guu lililovunjika ni la Ngeno.

Tuliitwa kwenye kiwanda cha chai siku ya Ijumaa. Kabla hatujaingia, mkuu wa chuo alinivuta kando, karibu na mapipa ya maji. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mwalimu, wewe bado uko kwa majaribio. Kosa la mwanafunzi ni la mwanafunzi. Kaa tu, usikilize." Nilifikiria mshahara wangu na karo ya mama yako, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo. Nikaingia nikaketi nikijiambia kwamba nitasikiliza.

Chebet alikuwa amesimama, mikono nyuma. Msimamizi wa magari aliisoma ripoti, akaiweka chini. Akasema suala la muhuri wa karani atalimaliza yeye mwenyewe, lakini gereji ina sheria yake na sheria haikufuatwa. Akauliza, "Kitambaa ilikuwa wapi?"

"Sikufunga."

"Nani alikuambia usifunge?"

 Hakuniangalia hata kidogo. "Hakuna mtu," akasema. "Ni mimi tu nilisahau."

Msimamizi akasema, kama ni hivyo, atamwondoa gereji leo hii na kuandika barua, na barua hiyo itafika kwenye kile kiwanda cha malori. Chebet aliitikia, "Ndiyo." Ilikuwa ndiyo ile ile aliyokuwa akinipa darasani kila siku, na kwa mara ya kwanza nikausikia uzito wake.

Nilisimama. Nilitaka kusema ukweli, naapa, lakini kinywa kilikuwa na mazoea yake. Nikaanza, "Kwanza kabisa ningependa kuushukuru uongozi kwa kutukaribisha, na kwa chai tuliyopewa, na pia kumtakia afueni dereva wetu, ambaye sote tunajua ni mtu wa nidhamu…" Nilikuwa nakwenda mbali. Nilikuwa bado kwenye utangulizi.

"Mwalimu," arap Soi akasema kutoka pembeni, bila kuinua sauti. "Kari iende ama isiende?"

Nikauacha utangulizi. 

"Isiende," nikasema. "Kosa ni langu. Chebet aliniuliza kama afunge kitambaa. Mimi nikamwambia kitambaa ni cha watu ambao hawajui kuandika."

Sikujua, mpaka maneno yalipotoka, kwamba nimemtukana mtu aliyeketi mle ndani. Arap Soi alitazama viganja vyake, vile viganja vyenye oili isiyotoka kwa sabuni yoyote. 

"Mimi najua kuandika jina yangu," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwahi kuona aibu ya namna hiyo kabla, wala baadaye. Kisha mzee akasimama, akavaa kofia yake, na alipofika mlangoni akageuka. "Jumamosi kuja gereji. Vaa gambuti."

Chebet hakufukuzwa. Aliachwa amalize muda wake akisafisha vipuri tu, bila kugusa gari, na mwaka ule hakupewa barua ya kumpeleka kwenye usaili. Ukweli wangu ulimwokoa nusu. Mkuu wa chuo aliniongezea miezi sita mingine ya majaribio na hakunisemesha hadi Krismasi.

Nami Jumamosi nilikwenda, nikaenda na iliyofuata, nikaenda mwaka mzima. Arap Soi alinilaza chini ya lori nikashika kwa mkono wangu vitu nilivyokuwa nikivitaja ubaoni. Mchana alinipa kalamu. Nilikuwa naandika ripoti kwa Kiingereza, naye analaza kiganja chake juu ya karatasi, anaziba yote isipokuwa mstari wa kwanza. "Sasa soma," anasema. "Iende ama isiende?" Ikiwa mstari huo haujibu, ananirudishia nianze upya. Nilianza upya mara nyingi, mwanangu, mimi na shahada yangu ya ukutani. Hatimaye nikawa nawafundisha wanafunzi hivyo hivyo, kwa kiganja. Kitambaa kikarudi kwenye usukani, na ripoti ikaja baada yake.

Chebet alikwenda kwenye usaili mwaka uliofuata, akachukuliwa. Nilikutana naye sokoni Litein miaka mingi baadaye, amenenepa kidogo, ana kicheko ambacho sikuwahi kukisikia darasani. Tulisalimiana sana. Nikajipa moyo nikamuuliza kama alinisamehe ule mwaka wake uliopotea. Akashika mkono wangu. "Madam, hayo yalienda na mvua," akasema, kisha akaniuliza ng'ombe wangu wanatoa maziwa kiasi gani. Niliendelea na safari bila kujua kama ndiyo au hapana. Hata leo sijui. Labda ndivyo inavyostahili, mtu aliyefundisha maneno ya kuzunguka aishi na jibu la kuzunguka.

Sasa nasaha, mwanangu, maana mzee akisimulia bila kufundisha amepiga soga tu. Watu utakaowafundisha wanajua kazi kuliko wewe, kwa hiyo kabla ya kuwapa neno la Kiingereza, waombe wakuonyeshe kitu chenyewe, ukishike. Kuuliza si ujinga, na mwalimu anayeuliza mbele ya darasa huwafungulia wengine mdomo. Wakikujibu "ndiyo" wote kwa pamoja, usifurahi, mpe mmoja karatasi akuonyeshe kosa lako, na akilionyesha mshukuru kwa jina. Usicheke desturi ya gereji kwa sababu haina maandishi. Iliyokaa muda mrefu imekaa kwa sababu ya mtu fulani aliyeumia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hatari inayofichwa kwa maneno mazuri imefichwa vilevile. Adabu ni nzuri, tunza adabu ya nyumbani. Lakini mahali penye chuma na moto, adabu ya kwanza ni kumwambia mwenzako mapema kitakachomuumiza.

Na ona sasa. Nimekuzungusha kurasa zote hizi, nimesifu notisi zako, nimemtaja hadi marehemu mama yako, na sentensi niliyopaswa kuiandika juu kabisa nimeibakiza chini, kama Chebet. Umri wote huu na bado sijapona. Basi hii hapa, weka kiganja juu ya mengine yote.

Notisi zako zisiingie darasani Jumatatu.

Ukurasa wa pili unawaeleza wanafunzi namna ya kufungua betri ya basi la umeme, hatua ya kwanza hadi ya saba. Onyo kwamba umeme wake lazima ukatwe kwanza, la sivyo unaua, umeliandika ukurasa wa nne, kwa Kiingereza kizuri sana. Aliye kwenye hatua ya tatu hatafika ukurasa wa nne. Leo ni Alhamisi. Kesho asubuhi vuka ua uende kwenye karakana ya chuo, mtafute fundi mzee kuliko wote, umwombe akushikishe, kisha uandike upya.

Mungu wa mama yako akutangulie, mwanangu. Akupe sikio kubwa kuliko mdomo, akujalie wanafunzi watakaothubutu kukukatiza, na awarudishe wote nyumbani kila jioni na vidole vyao kumi. Amina. Na gambuti zangu ziko nyuma ya mlango wa jikoni, pita uzichukue, zitakutosha.